Mgeni tumempa jembe, mpini tumeuficha

Tangu Rais William Ruto azindue Mpango wa Shirika, mpango mpya wa serikali ya Kenya kuhusu wakimbizi, mwezi Machi 2025, kuna kauli moja inayonifuata kila niendako Nairobi: sasa wakimbizi wanakuja kuchukua vibarua vyetu vya viwandani. Nimeisikia ndani ya matatu ya Embakasi, nimeisikia kwa kinyozi, na nimeisikia kwa jamaa mmoja mwenye duka la jumla ambaye hajawahi kukanyaga kiwandani tangu azaliwe. Upande wa pili nao una kauli yake, inayotamkwa zaidi kwenye kumbi za hoteli: hatimaye mkimbizi amepewa haki ya kufanya kazi. Kwa maoni yangu wote wamepotea, na wamepotelea mahali pamoja. Wanabishania kibali, ilhali kazi ya chini kabisa kiwandani, ile ya mtu anayeanza bila cheti wala ujuzi, haitolewi kwa kibali. Hutolewa langoni, saa kumi na mbili asubuhi, kwa siku moja. Maadamu inatolewa hivyo, mgeni hataipata kihalali hata sheria imruhusu mara kumi, na Mkenya akiipata haitamfikisha popote. Kinachoshusha ujira Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, ni hiyo siku moja, na ilikuwa ikiushusha kabla mkimbizi hajatajwa.

Tuanze na sheria, maana uvumi umeota hapo. Shirika ni mpango unaohusu hasa Kakuma na Dadaab, yaani Turkana na Garissa: kambi zigeuke polepole kuwa makazi ambamo mkimbizi na mwenyeji wanatumia shule moja, zahanati moja na soko moja. Haukuandikwa kwa ajili ya Barabara ya Lunga Lunga kule Industrial Area. Wala si mpango huo ulioleta haki ya kufanya kazi. Haki hiyo imo katika Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000, na walio wengi sana wanaishi kambini; wa mijini ni sehemu ndogo. Kibali chao cha kazi kinaitwa Daraja M na hakitozwi ada. Mgeni wa kawaida anayetafuta ajira huombewa kibali cha Daraja D, na hapo mwajiri hutakiwa kuonyesha kwamba ujuzi anaouleta haupatikani nchini. Hakuna mwenye kiwanda atakayeapa mbele ya maafisa wa uhamiaji kwamba Kenya nzima imekosa mtu wa kupanga biskuti kwenye katoni. Kwa hiyo kwa kazi ya anayeanza, Daraja D ni ukuta, na kwa mkimbizi mlango uliobaki ni Daraja M. Ili mkimbizi aupite mlango huo anahitaji barua ya idara ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, na anahitaji barua ya mwajiri inayosema nataka kumwajiri mtu huyu, kwa kazi hii.

Barua ya mwajiri. Wenzangu wanaoshangilia sheria huipita hiyo haraka kana kwamba ni stempu tu. Nendeni Lunga Lunga Road kabla jua halijachomoza mwone ni nani anayeandikiwa barua. Watu wanatoka mitaa ya mabanda ya Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben kwa miguu, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekula ujira. Wanasimama nje ya lango la chuma, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, wengine wamebeba ovaroli zao ndani ya mfuko wa plastiki. Mnyapara anatokea na kikombe cha chai mkononi, anaangalia oda ya siku, halafu ananyoosha kidole: wewe, wewe, mama wa kitambaa chekundu, na yule mrefu. Waliochaguliwa wanapita kwa mlinzi, wanaandika jina, nambari ya kitambulisho na saa ya kuingia katika daftari kubwa lililolegea jalada. Waliobaki wanasubiri kidogo, labda kuna mashine itahitaji mtu wa ziada, kisha wanatawanyika. Nani hapo atampa nani barua?

Nilisimama kwenye mstari kama huo baada ya kidato cha nne, na kwa miezi minne nikanyoa mabeseni katika kiwanda cha plastiki ambacho sitakitaja. Beseni hutoka kwenye mashine likiwa bado moto, ukingoni likiwa na ubavu mwembamba wa plastiki iliyozidi. Unashika kisu kifupi, unalizungusha mara moja, ubavu unaanguka miguuni, unaliweka juu ya mengine, na kabla hujainua kichwa jingine limeshafika. Mashine ndiyo inayoamua mwendo. Glavu za Jumatatu zilikuwa zimetoboka kidole gumba ikifika Jumatano. Kando yangu alikaa kijana wa Bukavu, Kongo, ambaye siku ya kwanza aliniambia, "Mimi niko natumika hapa tangu mwezi wa tatu." Nikadhani amejitwika siasa za tabaka asubuhi yote hiyo, kumbe Kiswahili cha kwao kutumika ni kufanya kazi tu. Kwenye daftari la mlinzi alikuwa na jina la Kikamba. Jina na nambari ya kitambulisho vilikuwa vya mwenye nyumba wake, naye mwenye nyumba alikatiwa chake kila Jumamosi.

Kila ilipokaribia siku ya ishirini na tano hivi, mnyapara alituambia tupumzike, turudi baada ya siku tatu nne. Tulidhani ni huruma, au oda imepungua. Miaka baadaye nilisoma Sheria ya Ajira ya 2007 ndipo nikaelewa mapumziko yale yalikuwa ya nini. Sheria hiyo inamtambua kibarua kama mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na hawezi kuachishwa kwa kunyooshewa kidole. Kunyoa mabeseni hakuishi katika miezi mitatu. Watu wataendelea kufua. Lakini mfululizo ukikatwa siku ya ishirini na tano kila mwezi, mtu anaweza kuwa kibarua kwa miaka sita. Wapo, na wengi wao ni Wakenya wenye vitambulisho halali na kura zao.

Sasa hoja ya wanaopinga, na hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu iliyo nzito miongoni mwa hoja zao ni nzito kweli. Wanasema mgeni hukubali ujira ambao Mkenya angeukataa, kwa hiyo hata akiwa mmoja kati ya kumi, yeye ndiye anayepanga bei ya wote. Siwezi kuikana. Kijana yule wa Bukavu hakuweza kugoma, hakuweza kwenda kwa afisa wa leba, na alipokatwa nusu siku kwa kuchelewa dakika kumi alisema asante. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa Novemba 2024 kwa mfanyakazi wa kawaida Nairobi kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba. Kibarua anayelipwa chini ya kiwango hicho anajua kwamba anadhulumiwa, lakini mtu asiye na karatasi anajua pia kwamba kulalamika ni kujitaja. Mwajiri akipelekwa mahakamani, wakili wake hataanza na ujira. Ataanza na kwamba mlalamishi hakuwa na kibali, kwa hiyo mkataba wenyewe ulikuwa haramu. Hofu hiyo ina faida ya shilingi, na faida haiendi kwa mgeni.

Lakini fuateni hoja hiyo hadi mwisho wake. Kama mgeni anashusha bei kwa sababu ya woga, basi kinachomtisha Mkenya ni mgeni aliyejificha. Aliye na karatasi, mwenye haki ya kudai kima kile kile, hana bei ya chini ya kuuza. Mwajiri akimchukua atamlipa kama anavyomlipa jirani yake, na hapo kitakachowatofautisha ni kasi ya mkono. Anayetaka ujira wake usishuke angekuwa wa kwanza kudai kwamba mwenzake wa Bukavu aandikwe kwa jina lake halisi. Ajabu ni kwamba wanaopaza sauti zaidi kuhusu mshahara ndio wanaotaka wageni wafukuzwe langoni, na akifukuzwa langoni haondoki Nairobi. Anaingia kwa jina la mwenye nyumba.

Hoja yao nyepesi kuliko zote ni ya usalama: eti mgeni akiruhusiwa viwandani, hatutajua nani ni nani. Nimejaribu kuipa heshima nikashindwa. Mtu mwenye kibali ana alama za vidole kwenye mfumo wa serikali, ana picha, ana nambari ya simu, na mwajiri wake anajulikana. Mtu asiye na kibali ana jina la Kikamba kwenye daftari la mlinzi. Kama nia ni kujua nani ni nani, hoja hiyo imebeba mzigo wa upande wa pili bila kujua.

Upande ninaouunga mkono nao haujambo kwa hoja mbovu. Kuna moja imeletwa kutoka Ulaya na kuvishwa kanzu yetu: kwamba wageni hufanya kazi ambazo wenyeji hawazitaki. Huenda ni kweli kwenye machinjio ya Ujerumani au mashamba ya mboga ya Uhispania, ambako wazee wanaongezeka na vijana wana pa kwenda. Kuisema Nairobi ni matusi. Wenyeji wanazitaka kazi hizi kiasi cha kusimama kwenye umande saa kumi na moja alfajiri, wengine wakiwa na diploma walizozikunja ndani ya begi. Kijana aliyefika juzi kutoka Busia au Kitui, akalala kwa binamu yake Pipeline, ni mgeni pia kwa maana ya langoni: hamjui mnyapara, hajui kiwanda kipi kina oda wiki hii, hana mtu wa kumtaja. Ukimwambia kwamba mkimbizi anafanya kazi ambayo yeye haitaki, atakuuliza lini aliulizwa. Anayetetea wakimbizi kwa hoja hii anawatafutia maadui bure.

Uhaba wenyewe una chanzo chake, na hakiko Kakuma. Serikali ya Uhuru Kenyatta ilipotangaza Ajenda Nne Kuu ilitaka viwanda vichangie asilimia 15 ya pato la taifa kufikia 2022. Hadi leo mchango huo haujafika hata asilimia 10. Viwanda vya nguo vya EPZ, maeneo maalum ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, kule Athi River, ambavyo ndivyo vinavyomeza watu wengi wasio na ujuzi kwa wakati mmoja, vimejengwa juu ya soko la Marekani kupitia AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa za Afrika huko bila ushuru ulioanza mwaka 2000, muda wake ukakoma Septemba 2025, kisha ukarefushwa kwa muda mfupi mapema 2026. Mshonaji wa Mlolongo alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kufuatilia mijadala ya Bunge la Marekani kuliko ya kuhesabu mabasi kutoka Dadaab.

Kuna watakaosema Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshalimaliza suala hili, kwa sababu Kongo iliingia 2022 na Somalia 2024, na Warundi wamo tangu 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutekelezwa Julai 2010, na inazungumzia wafanyakazi kuvuka mipaka kwa uhuru. Sheria yetu ya wakimbizi hata inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuacha hadhi ya ukimbizi ili afaidi haki za Jumuiya. Ni vizuri kwenye karatasi. Ila itifaki nayo humjua mfanyakazi kwa mkataba wake. Mkataba kwanza, kibali baadaye. Kijana wa Burundi anayezunguka barabara ya Tom Mboya na vikasha vya njugu karanga hana mkataba na yeyote, na ndiyo maana yuko kwenye njugu. Angekuwa na njia ya kuingia kwenye laini ya kiwanda, wengi wao wangekuwa huko. Mtaji wa njugu ni mdogo na askari wa kaunti hawaombi barua ya mwajiri, wanabeba tu vikasha.

Wenye viwanda wana neno lao pia, na si la kupuuzwa. Oda hupanda na kushuka. Desemba kiwanda cha juisi kinahitaji watu maradufu, Februari kinahitaji nusu. Umeme ni ghali, bidhaa za nje zinaingia kwa bei ya kutupa, na kila mwajiriwa wa mwezi huja na tozo ya nyumba ambayo mwajiri huilipa kwa asilimia 1.5 ya mshahara, mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF, bima ya ajali kazini, likizo. Naelewa. Ila sheria ile ile ya 2007 inaruhusu mkataba wa muda maalum, wa miezi miwili ikiwa oda ni ya miezi miwili, na inaruhusu kazi ya vipande kwa malipo ya vipande. Msimu hauhitaji siku moja moja. Kinachohitaji siku moja moja ni kutotaka mtu ajue kesho kama anarudi, kwa sababu mtu asiyejua kama anarudi hasemi kitu kuhusu glavu. Na kazi hizi huumiza: sindano ya mashine ya nguo kupita kwenye ukucha, mkono kunaswa kwenye rola, mgongo wa kubeba magunia ya sukari. Sheria ya fidia ya wanaoumia kazini, ambayo nayo ni ya 2007, inamhesabu kibarua kuwa mfanyakazi. Lakini jaribu kudai fidia ya kidole ukiwa huna hata kipande cha karatasi kinachoonyesha uliingia lango lile.

Kinachonishangaza ni jinsi tunavyojua haya yote vizuri sana mwenye kusafiri akiwa ni wetu. Septemba 2024 Rais alikwenda Berlin kushuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya uhamiaji na kazi na Ujerumani, na vyombo vya habari vikazunguka na nambari ya nafasi 250,000 ambayo serikali ya Ujerumani ililazimika kuikana. Mkenya anayekwenda kufunga vifurushi Qatar huambiwa na serikali yake asipande ndege bila mkataba ulioandikwa, wenye mshahara, saa za kazi na jina la mwajiri. Hakuna Mbunge aliyesimama kusema mkataba ni anasa kwa mtu anayeanza. Mama yake kule Vihiga anautaka auone kwa macho. Lango la Doha tunaliandikia masharti kurasa kumi, na lango la Likoni Road, hapa Industrial Area, tunaliachia mnyapara na kikombe chake cha chai.

Kwa hiyo mabishano kuhusu Daraja M yatazidi kuzunguka papo hapo hadi barua ya mwajiri iondolewe kwenye kazi za ngazi ya chini, kibali kimfuate mtu badala ya kiwanda, aweze kusimama langoni kama wengine akiwa na karatasi inayotambulika. Nitaambiwa hilo litawaongeza wageni kwenye mstari. Litawaongeza kidogo, ndiyo, hasa wale ambao tayari wamo kwa majina ya kukodi. Lakini lisipoandamana na kifungu cha 37 kutekelezwa, nitakuwa wa kwanza kulipinga, kwa sababu kumhalalisha mgeni na kumwacha katika siku moja moja ni kumpa mnyapara vidole zaidi vya kunyoosha. Vyama vya wafanyakazi vingekuwa vya kwanza kudai mambo haya mawili kwa pamoja. Vimezoea kuwatetea walio ndani ya makubaliano ya pamoja na kuwapita walio nje ya lango wakiwa kwenye gari.

Utekelezaji nao hauhitaji tume. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri atunze rekodi, na kesi ikifika mahakamani akashindwa kuonyesha maelezo ya ajira, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Afisa wa leba anayeingia kiwandani huonyeshwa faili la ofisini, ambamo vibarua hawamo. Angeanza na kibanda cha mlinzi. Daftari lile liko pale kila siku, limeandikwa kwa kalamu, lina saa ya kuingia na saa ya kutoka, na hakuna anayekumbuka kulificha kwa sababu linahesabiwa kuwa ni la usalama. Akifunua kurasa za mwezi mmoja ataona majina yale yale, kisha pengo la siku tatu, kisha majina yale yale. Katika kiwanda chetu angelikuta jina moja la Kikamba likijirudia kwa miezi minne, kwa mwandiko wa mtu aliyesomea Bukavu, saba zake zikiwa na kamstari katikati.